Kabla hujalipia konekta ya data, futa ankara moja uone

Mwaka jana nililipia konekta kwa miezi 12 mbele. Nikapewa punguzo, nikajiona mjanja. Kazi yake ilikuwa moja tu: ichote ankara na wateja kutoka programu ya uhasibu ya wingu, iviweke kwenye ghala la data, yaani hifadhi kuu tunayochotea ripoti, ili asubuhi dashibodi iwe tayari bila mtu kuhangaika kupakua mafaili. Wiki za kwanza mambo yalikuwa shwari. Kisha mwenzangu anayeshughulikia madeni akampigia mteja kudai ankara ambayo dashibodi ilionyesha imechelewa siku 40. Mteja alicheka kwanza, halafu akanuna. Ankara ile iliandikwa kimakosa, ikafutwa siku hiyohiyo, ikatolewa nyingine sahihi, naye akalipa. Kwenye programu ya uhasibu haikuwapo. Kwenye ghala letu ilikuwa hai, inazidi kuzeeka na kutuongezea deni hewa kila kukicha.

Nilipoanza kulinganisha pande mbili nikakuta si moja. Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwamba konekta inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Jina simtaji, lakini jibu hilo silisahau.

Tangu nilipogusia kisa hiki, wasomaji wananiuliza swali lilelile: sasa tununue ipi? Haya. Sitaongelea urahisi wa kuiweka, wala kasi, wala ina konekta ngapi kwenye orodha yake. Hayo wauzaji wanayasema mpaka masikio yanauma. Nimezipanga kwa kigezo kimoja: kitu kikifutwa kule kwenye programu, huku kwenye ghala kinakuwaje?

Aliyefutwa haitiki

Konekta nyingi hufanya kazi hivi: kila baada ya muda fulani huiuliza programu, "Nipe rekodi zote zilizobadilika tangu nilipokuja mara ya mwisho." Mpya zinakuja, zilizorekebishwa zinakuja. Iliyofutwa haiwezi kuja, kwa sababu haipo tena ya kujibu. Konekta haioni tofauti kati ya rekodi iliyotulia bila mabadiliko na rekodi iliyokufa. Zote zimenyamaza, kwa hiyo zote inaziacha kama zilivyo kwenye ghala.

Programu nyingine hazifuti kabisa, huweka alama tu. Hizo zina nafuu. Salesforce, programu ya kutunza taarifa za wateja na mauzo, kwa mfano, rekodi ukiifuta huingia kwenye pipa lake la taka ikiwa na alama ya IsDeleted, na konekta inayojua kuuliza kwa njia ya queryAll huiona. Ukiunganisha wateja wawili waliojirudia, yule anayemezwa naye hupata alama hiyohiyo, na huachiwa namba ya aliyemmeza kwenye MasterRecordId. Kila kitu unachohitaji kipo. Shida ni kwamba konekta inayouliza kwa njia ya kawaida haipewi rekodi hizo kabisa.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo sijaona muuzaji hata mmoja akiliweka kwenye tangazo lake: ushahidi wa ufutaji una muda wa kuisha. Pipa la taka la Salesforce hushika rekodi siku 15. QuickBooks Online, programu ya uhasibu, ina njia maalumu ya kuuliza mabadiliko pamoja na vilivyofutwa, lakini haiangalii nyuma zaidi ya siku 30. Stripe, huduma ya malipo ya mtandaoni, nayo hukuruhusu kusoma matukio ya siku 30 zilizopita, basi. Maana yake, konekta yako ikikwama kwa wiki tatu kwa sababu nywila ilibadilishwa au kadi ya malipo iliisha muda na wewe uko likizo, ikirudi itachota mapya yote vizuri kabisa. Taa itakuwa ya kijani. Vilivyofutwa katika pengo lile kule Salesforce havitajulikana tena mpaka jedwali lisomwe upya lote kuanzia mwanzo.

Taa ya kijani ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kosa linalopiga kelele unalirekebisha. Hili linakaa kimya ndani ya jumla ya mauzo, bosi analisoma kwenye kikao.

1. Fivetran, na sifichi kwamba naipenda

Kampuni hii ipo tangu 2012, na kwenye suala hili inaonekana ilishaumia zamani ikajifunza. Rekodi ikifutwa kwenye chanzo, Fivetran haiiondoi kwenye ghala. Inaiacha na kuiwekea alama kwenye safu iitwayo _fivetran_deleted. Ni uamuzi wa busara, kwa sababu mara nyingine unataka kujua kilifutwa nini, na kuna _fivetran_synced inayokuonyesha mstari uliguswa lini mara ya mwisho. Kazi yako inabaki kuandika sharti moja kwenye maswali unayoliuliza ghala (query) ili vilivyofutwa visihesabiwe. Ukilisahau, mizimu, yaani rekodi zilizokufa kule lakini zinahesabiwa huku, inarudi palepale, na safari hii kosa ni lako.

Kilichonivuta zaidi ni nyaraka zao. Kila konekta ina ukurasa wenye jedwali la uwezo wake, na mstari mmojawapo unasema wazi kama inanasa ufutaji au la, na wapi. Usiishie kuona alama ya tiki. Soma maelezo yaliyo chini yake, maana konekta moja inaweza kunasa ufutaji kwenye majedwali kadhaa na kuyaacha mengine. Jedwali la ankara likiwa kati ya yaliyoachwa, tiki haikusaidii kitu.

Bei ndipo ninapogombana nao. Wanahesabu mistari hai kwa mwezi: mstari ukiguswa hata mara mia ndani ya mwezi huohuo unahesabiwa mmoja. Kwa ankara ni haki kabisa. Ila mwaka 2025 walibadilisha hesabu, punguzo la wingi likawa linapimwa kwa kila muunganisho peke yake badala ya akaunti nzima. Mwenye chanzo kimoja kikubwa hakuhisi sana. Mwenye vyanzo kumi vidogovidogo, yaani biashara nyingi za kawaida, punguzo lake lilipukutika. Nimeiweka namba moja hata hivyo, lakini chagua majedwali unayoyahitaji tu. Watu huwasha yote siku ya kwanza, na majedwali ya historia ya barua pepe ndiyo yanayokula mistari wakati hakuna anayeyasoma.

2. Airbyte, kama una mtu wa kuitunza

Ilianza 2020, na unaweza kuiendesha kwenye seva zako mwenyewe. Usidanganyike na wanaosema ni huria kabisa: kiini chake kiko chini ya leseni ya Elastic 2.0, inayokukataza kuigeuza huduma na kuwauzia wengine. Kwa matumizi yako ya ndani hilo halikuhusu.

Konekta yake ya Salesforce huleta rekodi zilizofutwa zikiwa na isDeleted, vizuri sana. Lakini huwezi kuchukua uzuri wa konekta moja ukaupaka nyingine. Zipo zinazotunzwa na Airbyte wenyewe na zipo zilizoandikwa na jamii ya watumiaji, na tofauti utaiona siku programu ya chanzo itakapobadilisha kitu. Kinachoifanya ikae nafasi ya pili ni kwamba inakupa uhuru wa kuamua, jedwali kwa jedwali, kwamba hili lisomwe lote upya kila usiku na kufuta la jana. Kwa jedwali dogo hiyo ndiyo dawa ya vilivyofutwa isiyokosea: kisichokuwepo kule leo, huku hakipo. Kwa jedwali kubwa utamaliza mgao wako wa maombi ya API, yaani mlango ambao programu hupitia kuulizana data. Salesforce toleo la Enterprise huanzia maombi 100,000 kwa saa 24 na kuongezewa kwa kila leseni ya mtumiaji, na mgao huo mnagawana na programu nyingine zote zilizounganishwa humo.

3. Za mwenye wingu

Ukiwa tayari umehamia kwa Amazon au Google, angalia kwanza kilichomo ndani. Amazon AppFlow, iliyotoka 2020, ina sehemu ya kuwasha kwenye chanzo cha Salesforce ili ilete na rekodi zilizofutwa. Kuwasha, nimesema. Usipoigusa, hazitakuja, na hakuna atakayekuuliza. Google wana huduma ya kuhamishia data BigQuery, ghala lao la data, nayo inafaa kama vyanzo vyako viko kwenye orodha yao.

4. Stitch

Imepita mikono mingi: Talend waliinunua 2018, Qlik wakainunua Talend 2023. Kwa kusoma mabadiliko kwa njia ya kawaida, haioni vilivyofutwa kabisa kwenye chanzo. Naiheshimu kwa jambo moja, kwamba nyaraka zao zinalisema hilo bila kuzungukazunguka. Kama chanzo chako hakifuti, bali huweka hali ya "imebatilishwa" tu, inakutosha.

5. Za bure

dlt kwa anayeandika Python, Meltano kwa anayependa kupanga vipande vyake mwenyewe. Zote ni nzuri mikononi mwa fundi. Ufutaji utaushughulikia wewe.

Jaribu kabla mkataba haujatiwa saini

Muda wa kujaribu bure ni mrefu vya kutosha kwa hili. Tengeneza ankara tano zenye jina la kipuuzi ambalo hutalichanganya na mteja wa kweli. Subiri zifike kwenye ghala. Kisha badilisha moja, batilisha moja, futa mbili, ya tano usiiguse. Tengeneza pia wateja wawili wanaofanana, uwaunganishe. Subiri mizunguko miwili ya konekta, uende kwenye ghala uangalie. Baada ya hapo zima konekta siku mbili, futa kitu kingine, iwashe tena. Nimemfanyia muuzaji mmoja jaribio hili mbele yake kwenye mkutano wa video, akasema hiyo "si hali ya kawaida ya matumizi." Kufuta ankara iliyokosewa! Sijui anafanya biashara na malaika gani.

Muulize pia, kwa maandishi, kama kusoma upya jedwali zima kunahesabiwa kwenye bili. Wakikujibu kwa kukualika kwenye mazungumzo ya simu, jibu umeshalipata. Na wale wanaoficha bei nyuma ya kitufe cha "wasiliana nasi" wajue kwamba mimi siwasiliani. Nimejaza fomu ya namna hiyo mara moja tu, na hadi leo napokea barua pepe zinazoanza na "Nilikuwa nafuatilia ujumbe wangu uliopita."

Kwa mliokwisha funga mkataba kama mimi

Miezi yangu 12 haijaisha na fedha haziwezi kurudi, kwa hiyo nimeweka kiraka. Kila Jumapili usiku skripti ndogo niliyoiandika huiomba programu ya uhasibu namba za utambulisho za ankara zote, namba tu bila maelezo, ambazo ni nyepesi kuchota. Inazilinganisha na zilizopo kwenye ghala. Iliyopo huku na haipo kule inawekewa alama na tarehe, haifutwi. Dashibodi inasoma zisizo na alama. Mwanzoni niliiandika ifute moja kwa moja, mpaka siku moja API ilipokata jibu katikati na kunirudishia nusu ya orodha. Ningekuwa nimepoteza ankara halali kwa maelfu kama nisingekuwa na nakala ya ghala ya siku ile. Sasa inahesabu kwanza: orodha ikipungua kwa zaidi ya asilimia tano kuliko ya wiki iliyopita, inasimama na kuniita.

Jumapili iliyopita ilinasa mizimu mitatu. Mmoja alikuwa ankara ya majaribio yangu mwenyewe, niliyoisahau.