Jaketi la manyoya au la sintetiki? Uliza gramu kwanza

Wasomaji kadhaa wamenilalamikia jambo lilelile: wamenunua jaketi la manyoya ya bata lililoandikwa 800, wakapanda nalo mlimani, na baridi ikawapenya vilevile. Sishangai. Ile 800 haisemi jaketi lina joto kiasi gani. Inasema wakia moja ya manyoya hayo, gramu 28 hivi, ikiachwa ifumuke hujaza inchi za ujazo 800, yaani kama lita 13. Huo ni ubora wa manyoya. Kiasi kilichotiwa ndani ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayofichwa.

Piga hesabu. Jaketi la 800 lenye gramu 60 linakupa mfumuko wa lita 28. La 650, ambalo watu hulidharau, likiwa na gramu 200 linakupa lita 75. Kinachokukinga na baridi ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya, kwa hiyo hilo la pili litakupasha joto zaidi, ingawa ni zito. Ukiwa dukani, liinue mbele ya taa. Ukiona mwanga unapenya na manyoya yamejikusanya chini ya kila chumba, yaani kila kijimfuko kilichoshonwa kuyashikilia, liache hapohapo.

Namba moja kwangu ni manyoya ya Rab, na upendeleo huu siuonei haya. Kampuni hii ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1981, ikishona mifuko ya kulalia, na mpaka leo inataja gramu za manyoya waziwazi. Mtu anayekuonyesha mizani anastahili pesa yako.

Namba mbili ni sintetiki, yaani nyuzi za kiwandani, ya PrimaLoft. Ilibuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi la Marekani, lililotaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya kisichoharibiwa na maji. Kama unakoenda kuna mvua, au unatokwa jasho jingi ukiwa na mzigo, ipandishe iwe ya kwanza bila kusita. Manyoya yakilowa hushikana mabonge na kukauka ni shida. Nyuzi za poliesta hubaki na sehemu ya joto lake na hukauka upesi. Uzito wake nao hutajwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Ubaya wake ni kwamba hujaza begi, na ukiibana mara kwa mara hulala na kupoteza mfumuko mapema kuliko manyoya.

Majaketi ya bei ya chini yasiyotaja gramu wala aina ya nyuzi yanafaa kwa kusubiri basi. Mlimani hapana.

Kinachoniudhi hasa ni bei. Manyoya yakitoka 650 kwenda 800, bei inaruka, halafu gramu zinapunguzwa kimyakimya. Mnunuzi analipia wepesi huku akiaminishwa kwamba ananunua joto. Kisha anauziwa maneno ya manyoya yaliyotiwa dawa ya kuzuia maji, kana kwamba sasa anaweza kutembea nayo kwenye mvua kutwa nzima. Dawa hiyo inachelewesha kulowa, basi.

Muulize muuzaji: gramu ngapi, na ni za saizi gani? Akikujibu tena kwa 800, mrudishie jaketi lake.