Grabu ya Van Veen ya mita za mraba 0.1: kwa matope ndiyo, kwa changarawe hapana

Anayetaka kuhesabu minyoo, kombe na kaa wadogo waliojifukia kwenye sakafu laini ya bahari anunue kwanza grabu ya Van Veen, kifaa kinachoshushwa kwa waya kutoka chomboni ili kiume na kupandisha kipande cha sakafu hiyo. Ilibuniwa mwaka 1933 na mhandisi wa Kiholanzi, Johan van Veen, na mpaka leo ni mataya mawili ya chuma, mikono miwili mirefu, minyororo na kulabu. Haina betri wala nyaya za umeme za kuharibiwa na chumvi. Hapa tunapima ile yenye mdomo wa mita za mraba 0.1. Zidisha idadi ya wanyama kwa 10, unapata idadi yao kwa mita moja ya mraba.

Inaposhuka, uzito wake wenyewe huishikilia kulabu na mataya hubaki wazi. Ikitua, waya hulegea na kulabu huchomoka. Winchi (mashine ya kuvuta waya) ikianza kuvuta, minyororo huibana mikono, na mataya huchimba huku yakijifunga. Ufundi huu ni mzuri kwa urahisi wake, lakini humwadhibu asiye na subira. Bahari ikichafuka, waya hulegea kabla grabu haijafika chini, ikajifunga katikati ya maji na kurudi tupu. Ukivuta kwa pupa, huinuka kabla haijauma vya kutosha. Ubaya mkubwa zaidi ni kuiachia ianguke: maji yanayosukumwa mbele yake hupeperusha tabaka la juu la matope pamoja na wanyama wepesi wanaoishi hapo, na utapata hesabu pungufu bila dalili yoyote ya kukuonya. Mita 5 za mwisho iteremshe taratibu, chini ya nusu mita kwa sekunde.

Ndiyo maana hatupendekezi kabisa toleo lenye mgongo wa bati tupu. Chagua lenye madirisha ya wavu mgongoni, yaliyofunikwa kwa vipande vya mpira: maji hupita grabu ikishuka, na mpira huziba ikipanda. Madirisha yafunguke pia, ili uone uso wa sampuli kabla hujaimwaga.

Uso huo ndio wa kukaguliwa kuliko kitu kingine. Maji yaliyo juu ya matope yawe matulivu na yasiwe yamevurugika, na uso usiwe umeoshwa upande mmoja. Pima kina kwa rula katikati: kipimo kinachotumika sana ni angalau sentimita 5 kwenye mchanga mgumu na 7 kwenye matope. Pungufu ya hapo, tupa. Kokoto au gamba likikwama kati ya mataya, maji hububujika njia nzima na kuondoka na wanyama; hiyo nayo tupa, hata kama imejaa. Usiunganishe nusu mbili kufanya sampuli moja. Chukua sampuli zisizopungua 3 kila kituo, bora 5, na matope ya kupima ukubwa wa chembe yatoke kwenye mshusho wa grabu wa peke yake.

Udhaifu usio na dawa ni umbo la shimo. Mataya huchimba nusu duara, kwa hiyo kingo huwa za kina kifupi kuliko katikati, na kamba wachimbaji wanaokaa chini zaidi hubaki salama mashimoni mwao. Ukiwahitaji hao, tumia sanduku la kuchotea linalokata wima, ingawa ni zito na linadai chombo kikubwa na winchi yenye nguvu. Kwenye changarawe tumia grabu ya Hamon, ambayo huchota kwa ndoo inayozunguka na haisumbuliwi na mawe kwa kiasi hicho.

Baada ya hapo kila kitu kinategemea chekeche, ambamo matope huoshwa ili wanyama wabaki. Tundu la milimita 1 ni la haraka, ila wadogo wengi hupita. La milimita 0.5 huwabakiza, na kazi ya maabara huongezeka mno. Chagua moja na usilinganishe matokeo ya matundu tofauti. Osha kwa maji ya bahari yenye mkondo hafifu. Mkondo mkali huwakata minyoo, na mnyoo huhesabiwa kwa kichwa chake. Hifadhi kwenye formalini (dawa ya kuzuia kuoza) yenye asilimia 4 ya formaldehaidi, iliyotiwa boraksi, chumvi inayopunguza asidi. Bila boraksi asidi hula magamba ya kombe wadogo. Kwa kazi ya vinasaba, formalini haifai: tumia etanoli tangu mwanzo.

Kabla ya kila safari, funga mataya na uyaelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, nyoosha kingo au badilisha pini za bawaba. Kuhusu chuma, kilichopakwa zinki ni nafuu na kinatosha kwa kuhesabu wanyama, lakini kama matope yaleyale yatapimwa metali, lipia chuma cha pua.