Dripu ya ndoo ya lita 20 wakati wa kaskazi: bamia na nyanya sawa, mchicha mwachie keni ya kumwagilia

Maduka ya pembejeo huuza seti za dripu, yaani za kumwagilia tone kwa tone, kwa majina mengi, lakini ukishafungua boksi utakuta ni ndugu wa baba mmoja: mipira miwili ya dripu ya mita 15 kila mmoja, kiungio cha kutokea kwenye ndoo chenye washa mbili za mpira (pete bapa za kuzuia kuvuja), koki, chujio dogo, viungio vya kugawa maji na pete za kufungia miisho. Ndoo mara nyingi unajitafutia. Vitundu vya maji viko kila baada ya sentimita 30. Na juu ya boksi kuna ile ahadi kwamba ndoo moja inatosha mimea 100.

Ahadi hiyo ndiyo inayokausha bustani za watu Januari na Februari. Mita 30 za mpira zina vitundu 100. Gawa lita 20 kwa 100 upate mililita 200, kikombe cha chai kisichojaa. Kwa miche michanga inatosha. Mnyanya uliokwisha kubeba, kwenye jua la Dar es Salaam, unataka lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Basi panda nyanya kwa nafasi ya sentimita 60 ili kila mche uwe na vitundu viwili. Mipira yote miwili itachukua miche 50, na hapo ndoo haitoshi tena, weka pipa la lita 100. Asiye na pipa aondoe mpira mmoja, abaki na miche 25, ajaze ndoo asubuhi na jioni. Kila mche utapata kama lita 1.6 kwa siku.

Kuifunga seti kwenye ndoo si kazi ya fundi bomba. Tena heri asiitwe, maana spana yake ndiyo hupasua nyuzi za kukazia za kiungio cha plastiki. Toboa ndoo ubavuni, sentimita 3 juu ya kitako, ili matope yabaki chini yasiingie kwenye mpira. Tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto huacha kingo za mawimbi na washa haikai. Pitisha msasa kwanza. Washa moja ndani, moja nje, kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko tu. Kitako cha ndoo kiwe karibu mita 1 kutoka ardhini. Nguzo mbili za matofali ya bloku, kila moja matofali manne yaliyosimamishwa kwa ubavu wa inchi 9, zinafika kama sentimita 91, zinatosha. Ukiweka ndoo juu ya kiti cha plastiki maji yatatoka, ila mwisho wa mpira utalia ukame.

Mpira ulazwe vitundu vikiangalia juu. Wengi huviangalizia chini wakidhani maji yataingia ardhini vizuri zaidi, lakini tope dogo hutua chini ya mpira na kuziba vitundu vilivyo huko. Usiuvute ukakaza kama kamba ya nguo pia. Mchana plastiki nyeusi hutanuka na usiku husinyaa. Mpira wa mita 15 hubadilika kwa sentimita 5 au zaidi, na uliokazwa hung'oka kwenye kiungio alfajiri. Ulegeze kidogo, kisha uufunike kwa nyasi kavu au pumba za mpunga unene wa sentimita 5. Matandazo hayo huzuia pia maji yasipate moto sana ndani ya mpira saa saba mchana.

Kabla ya kupanda, pima. Weka vikopo vitatu vya mtindi chini ya kitundu cha kwanza, cha katikati na cha mwisho, fungua koki dakika 10. Cha mwisho kikipungukiwa zaidi ya robo ukilinganisha na cha kwanza, tuta lina mwinuko. Anza kupima baada ya mpira kujaa: kila mpira hubeba karibu lita 3 tumboni kabla mwisho wake haujadondosha chochote, na kwenye mteremko lita hizo huishia kwa mimea ya chini.

Udongo ndio huamua kama pesa yako imeenda vizuri. Kwenye udongo wa kichanga, kama ule wa Kigamboni au Mbagala jijini Dar es Salaam, tone hushuka wima badala ya kutanda, na katikati ya kitundu na kitundu kunabaki pakavu. Bamia na pilipili hazijali, kwa kuwa kila shina limekaa penye tone lake. Mchicha uliomwagwa mbegu tuta zima hutoka kwa madoa ya kijani kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Hapo keni inaishinda dripu waziwazi. Ukitaka mchicha wa dripu lazima, tafuta mpira wa vitundu kila sentimita 20 na usie mistari miwili, mmoja kila upande, sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye mpira.

Pale inapofaa, inafaa kweli. Nyanya zenye kitako cheusi kilichobonyea hupungua, kwa sababu tatizo lile si ugonjwa: ni kalsiamu kushindwa kufika kwenye tunda maji yakija leo mengi, kesho hakuna. Dawa ya ukungu haisaidii kitu. Mawaridi nayo hupata madoa meusi kidogo kwa kuwa majani hayaloweshwi. Lakini majani makavu yenye vumbi ni sikukuu ya utitiri mwekundu. Ukiona vitone vya njano juu ya jani na utandu mwembamba chini yake, wamekwisha kuingia. Mara moja kwa wiki, asubuhi, rushia maji upande wa chini wa majani, kwenye mawaridi na kwenye nyanya.

Adui wengine ni wadogo. Sisimizi hujaza udongo kwenye vitundu, panya hutafuna mpira wakitafuta maji, jembe hukata kilichobaki. Nunua viungio vitano vya akiba siku ileile. Usiweke maji ya samadi ndani ya ndoo hata yakichujwa kwa kanga, mimina shinani kwa kopo. Ndoo nyeupe hupitisha mwanga na kuota mwani wa kijani unaoziba chujio, kwa hiyo ipake rangi nyeusi au chagua ya rangi iliyoiva. Mfuniko ni lazima, kwani mbu wa dengi huzaa kwenye maji safi yaliyotulia kama hayo.

Kipengele dhaifu kuliko vyote ni mpira wenyewe. Wa unene wa milimita 0.2, unaolala bapa kama utepe, hauvumilii jua wala palizi. Mgumu wa kipenyo cha milimita 16 unaobaki duara una bei zaidi na unastahili.

Kwa maji ya kisima yenye chumvi, fungua miisho kila wiki na uache maji yakimbie hadi yatoke safi. Utando mweupe mgumu kwenye chujio ni chokaa, uloweke usiku mmoja kwenye siki. Chumvi iliyobaki udongoni hujikusanya kwenye ukingo wa duara la unyevu, utaiona kama unga mweupe. Mvua ya kwanza ya masika ikinyunya, usikimbilie kufunga koki. Manyunyu hayo huirudisha chumvi kwenye mizizi, na miche iliyovuka kaskazi yote huweza kunyauka. Acha dripu iendelee kutiririka mpaka ije mvua nzito ya kuisukuma chumvi chini.