Pimamaji ya kamba: kifaa kidogo, kontua za uhakika

Kwa kupima kontua (mistari ya ardhi yenye kimo kimoja) za matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, hiki ndicho kifaa tunachokipendekeza kwanza. Mpango wa taifa wa Kenya wa kuhifadhi udongo, ulioanza 1974 kwa msaada wa Uswidi, ulikitumia sana, na kinastahili: watu watatu, uzi wa fundi wa mita 10, fito mbili zilizotiwa alama sentimita 150 kutoka chini, na pimamaji yenye ndoano katikati kabisa ya uzi.

Kabla ya kununua pimamaji, itundike kwenye uzi ulionyooka, kisha igeuze kushoto kulia. Kiputo cha hewa ndani yake kikihama, irudishe dukani.

Udhaifu wake ni upepo, na uzi uliolegea. Pimamaji ikikaa nje ya katikati, inasoma mbonyeo wa uzi badala ya ardhi. Kosa hilo likijirudia kila mita 10, maji hukusanyika sehemu moja na kupasua tuta.

Mtaro wa kuondoa maji unahitaji mteremko wa asilimia 0.5: fito ya upande wa juu funga uzi kwenye sentimita 145, ya chini 150. Fito zisibadilishane nafasi kamwe.