Tanuri la pamoja la kukaushia mbao: uzoefu wangu, fundi wa Keko

Thamani ya kituo chetu cha pamoja, ambako mafundi seremala tunalipa ada kutumia mashine, iko kwenye tanuri. Mashine za kuranda hata mtaani hapa Keko, Dar es Salaam, zimejaa: unalipa, mbao zinapita, unaondoka. Tanuri la kukaushia mbao hakuna fundi mdogo wa kulimudu peke yake.

Mbao mbichi huwa na unyevu unaozidi asilimia 30. Samani za ndani zinataka kama 12 au chini ya hapo, na kwa hewa hii ya pwani hata uzianike kivulini miezi, ni vigumu kufika huko. Ndiyo maana meza iliyotulia vizuri Dar ikienda kwenye hewa kavu ya Dodoma wakati wa kiangazi inapasuka. Mteja hailaumu mbao, anamlaumu fundi. Tangu nianze kukausha kituoni, meza zangu za mninga zinakwenda Dodoma na sijapigiwa simu ya malalamiko.

Kasoro ipo, tena kubwa. Paina ya Mafinga inakauka upesi, mninga unakwenda polepole; mbao ya inchi moja na ya inchi mbili haziwezi kutoka tanurini siku moja. Lakini foleni ikiwa ndefu, msimamizi anachanganya mizigo. Kuna mninga wangu wa inchi mbili uliotoka mkavu kabisa kwa nje. Nikaukata katikati, kipimo cha unyevu kikasoma asilimia 19. Hela ya ukaushaji kamili nilishalipa! Waliurudisha tanurini bila kunidai zaidi, ila mteja wangu alibaki anasubiri.

Hili halihitaji mashine mpya. Paina ipangiwe zamu yake, mninga zamu yake, unene uwe mmoja, na ratiba ibandikwe mlangoni. Mzigo ukitoka, ubao mmoja ukatwe na kupimwa mbele ya mwenyewe.

Chumba cha kupiga vanishi nakisifu, vumbi la randa halifiki kabisa. Msumeno wa duara ni butu mara nyingi, kwa sababu ada tunayolipa haina fungu la kunoa. Shilingi chache juu ya kila saa zingetosha, na mafundi wengi ninaoongea nao wako tayari kuzitoa.

Anayetaka kujiunga, ajiunge. Aende na kipimo chake cha unyevu, na kabla ya kulipa aulize mbao za nani zitaingia pamoja na zake, za aina gani na unene gani.