Mashine ya presha niliyomnunulia mama: shida ilikuwa mkanda

Mwezi wa nne nilimnunulia mama mashine ya kupima presha, ile ya kidijitali yenye mkanda wa hewa unaofungwa juu ya kiwiko, katika duka moja la dawa hapa Kisumu. Shilingi 3,800. Bado naipenda, ila wiki tatu za mwanzo ilitutia hofu kweli.

Kila asubuhi namba ya juu ya presha ilikuwa: 161, 159, 162. Kwa kuwa namba zilikaribiana, niliziamini, hata nikaanza kumshawishi mama aombe kuongezewa dawa. Kumbe kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi kilekile kila siku; ukirudia mara kumi, umelipata kosa lilelile mara kumi. Kliniki walipata 146. "Sasa mwanangu, tuamini ipi?" mama akauliza.

Muuguzi alichukua utepe kama wa fundi cherehani, akauzungusha katikati ya bega na kiwiko cha mama: sentimita 36. Kisha akanionyesha maandishi madogo kwenye ukingo wa mkanda wetu: sentimita 22–32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene haukandamizi mshipa sawasawa, kwa hiyo lazima ujazwe hewa zaidi ndipo damu izuiwe. Mashine yenyewe haioni mkono. Inahisi tu mitetemo ndani ya hewa ya mkanda na kukokotoa namba, basi inatoa presha kubwa kuliko iliyopo.

Na sisi tulikuwa tunampima mkono ukiwa mapajani, huku akisimulia habari za jirani. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, kipimo hupanda kwa karibu milimita 8 za zebaki, yaani 8 kwenye namba hizo za presha. Kuzungumza nako hupandisha.

Nilinunua mkanda wa 32–42 wa kampuni ileile, shilingi 1,200. Sasa mama anakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza: 148, 145, 149. Tofauti hizo ndogo hazinitishi tena, maana presha yenyewe haitulii. Tunapima mara mbili, tukipumzika dakika moja katikati, na wastani unaingia daftarini.

Betri zinadumu, namba ni kubwa, mama anazisoma bila miwani. Kinachoniuma ni kwamba dukani hakuna aliyeuliza mkono wa mgonjwa una ukubwa gani, na onyo lenyewe limo kijitabuni kwa Kiingereza kitupu, lugha ambayo mama hasomi. Ukienda kumnunulia mzazi, pima mkono wake kwanza, uende na namba hiyo.