Supu ya mifupa nyuma ya soko la Lamu: wahi mapema

Kibanda hakina kibao. Kiko uchochoroni nyuma ya soko, si mbali na Ngome, na supu yake ya ng'ombe ni ya mifupa kwelikweli. Kunywa nusu bakuli tu, midomo inaanza kunata. Mnato huo ni jelatini inayotoka kwenye kano na gegedu za makongoro. Vidonge vya mchuzi haviutoi hata utie kumi.

Mapishi yao hayana haraka. Mifupa kilo 3 kwa maji baridi lita 6, theluthi yake makongoro yaliyobabuliwa na kukwanguliwa mpaka hayana unywele. Povu la kijivu huenguliwa nusu saa ya kwanza, kisha makaa hupunguzwa kwenye seredani, supu ikatokota polepole kwa saa 5 au 6. Ikichemka kwa fujo, mafuta husambaratika ndani ya maji na supu ikawa na ukungu, nzito kooni. Hii yao unaona mpaka kitako cha bakuli. Tangawizi, thomu na pilipili manga huingia saa ya mwisho, harufu isipotee na mvuke. Ndimu hukamuliwa mezani, na ndivyo itakiwavyo.

Kasoro ni chumvi. Wanaitia yote mwanzoni, na lita 6 zikikaukia 4, ukali wake umezidi kwa nusu. Saa 1 asubuhi hunywi ukalalamika. Kufika saa 4, iliyobaki chini ya sufuria ni bahari. Na mkate wa mofa huja baridi, jambo lisilo na udhuru pale pale kando ya moto.

Ya kupeleka nyumbani, chukua sufuria yenye kifuniko, uombe isiyo na pilipili ikiwa ni ya mama aliyejifungua au mgonjwa. Kwa pilau, vikombe 2 vya supu kwa kimoja cha mchele, na chumvi usiongeze kabla ya kuonja. Ikibaki, imimine kwenye chombo kipana ipoe upesi, iingie friji kabla ya muda wa saa mbili kupita. Kwa joto la huku, ya kuachwa mezani huchacha. Ikishaganda, utando wa mafuta unauinua mzima kwa kijiko.

Mpenda uroto aseme kabla hajapakuliwa. Mifupa ya paja ni michache, na ndiyo huisha kwanza.